Mgeni Njoo, Mwenyeji Aone Cha Moto: Nani Hupewa Tiketi ya Kurudi Zamani?

Najua nimepotea kidogo. Majaribio yalinibana, halafu nikawa nakimbizana na madesa ya watu. Leo nimerudi na nina la kusema, tena refu, kwa hiyo kama uko kwenye foleni ya chakula soma nusu kwanza, nusu nyingine utamalizia kitandani.

Kwa wasiojua, mie nasomea ualimu na somo langu la kwanza ni historia. Muhula huu, kwenye kozi ya mbinu za kufundishia, kila mtu ameambiwa achague hadithi za kubuni ambazo anaweza kuzitumia darasani ili wanafunzi wafikirie historia, kisha azitetee kwenye semina. Mie nikachukua hadithi za watu wanaosafiri katika wakati, zile za kurudi zamani au kuruka kwenda mbele. Hapo ndipo vita ilipoanza. Jamaa mmoja wa kundi letu akasema vitabu vile vya kale vimejaa dharau kwa watu weusi, kwa wanawake na kwa kila asiye Mzungu, vitupwe. Dada mmoja akamjibu kwamba huwezi kumhukumu mtu wa mwaka 1895 kwa vipimo vya leo. Semina ikaisha wakiwa bado wanarushiana maneno.

Nimekaa na vitabu hivyo wiki tatu, na siko upande wa yeyote kati yao. Nilichokiona ni hiki: mantiki ya safari na dharau ya mwandishi vimefumwa pamoja. Ukiikagua kanuni aliyoiweka ya jinsi wakati unavyofanya kazi, humo humo unakuta mawazo yake kuhusu nani ana akili, nani ana ruhusa ya kubadili historia, na nani yupo tu kama miti ya pembeni mwa barabara. Na msuko ukivuja, chungulia pale panapovuja. Mara nyingi pana mtu amesahauliwa.

Haya twende kazi.

MGENI MWENYE KALENDA

Tuanze na Mark Twain. Mwaka 1889 alitoa kitabu kiitwacho A Connecticut Yankee in King Arthur's Court. Humo hamna mashine yoyote. Hank Morgan, msimamizi katika kiwanda cha silaha cha Colt mjini Hartford, anagombana na mfanyakazi mwenzake, anapigwa mtaimbo wa kichwa, anazimia. Akizinduka yuko Uingereza ya mwaka 528, kwenye himaya ya Mfalme Arthur. Anakamatwa na kuhukumiwa kuchomwa moto. Anajiokoaje? Anakumbuka kwamba tarehe 21 Juni mwaka huo jua litapatwa. Anatishia kulizima jua, kweli linapatwa, watu wanatetemeka, na yeye anapewa madaraka makubwa chini ya mfalme.

Sasa nawauliza, nani kati yenu anaijua kichwani tarehe ya kupatwa kwa jua iliyotokea zaidi ya miaka 1,300 iliyopita? Mie tarehe ya kurudisha kitabu maktaba tu inanishinda. Teh teh teh.

Lakini hilo tumsamehe. Tundu kubwa liko kwenye mbinu yenyewe, maana inafanya kazi kwa sharti moja tu: wenyeji wawe hawajawahi kutazama juu. Na Twain hakuibuni. Columbus anasimuliwa kuwatisha wenyeji wa Jamaica mwaka 1504 kwa kupatwa kwa mwezi. Mwaka 1885 H. Rider Haggard aliitumia kwenye King Solomon's Mines, na hiyo wengine mtakuwa mmeiona kwenye kabati la babu, kwa sababu Frederick Johnson aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1929 ikaitwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Pale Wazungu wanawatisha Waafrika kwa giza la mchana.

Sikieni utamu wake. Katika toleo la kwanza Haggard aliweka mwezi mpevu usiku, halafu mara jua linapatwa. Haiwezekani kabisa! Jua hupatwa wakati mwezi mpya unapokaribia kuandama, pale mwezi unapopita kati yetu na jua. Ikabidi matoleo ya baadaye abadilishe, ikawa mwezi ndio unaopatwa. Mvuvi yeyote wa Bagamoyo anayehesabu siku za mwezi ili ajue bamvua ni lini angemshtukia palepale. Yaani aliyekosea mambo ya mbinguni ni mwandishi wa London, na waliochorwa kama wasiojua lolote kuhusu mbingu ni watu ambao kilimo chao, uvuvi wao na sikukuu zao zinaendeshwa na mwezi. Mnaona msuko ulipovuja? Umevujia kichwani kwa mwenyeji, mahali ambapo mwandishi alidhani ni patupu. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa likaonekana vizuri Rujewa, mkoani Mbeya, na watu walifunga safari kwenda kuliangalia.

Turudi kwa Hank. Akishapata madaraka anaanzisha shule, magazeti, simu na viwanda. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Anawaita watu wale wajinga na kuwafananisha na wenyeji asilia wa Marekani, na anamaanisha tusi. Lakini mwisho Kanisa linamgeukia, mashujaa wa farasi wanamjia kwa maelfu, na yeye na vijana 52 wanajifungia pangoni nyuma ya nyaya za umeme na bunduki za rasharasha. Wanaua watu 25,000. Kisha hewa yenye sumu kutoka kwa maiti waliowazunguka inaanza kuwamaliza wao wenyewe. Mwenyeji hakupona, aliona cha moto.

Hapo Twain alimzidi akili shujaa wake. Angalia pia anavyoziba tundu la mantiki: kama Hank alileta simu mwaka 528, mbona historia haikubadilika? Kwa sababu kila alichokijenga kililipuliwa, na Merlin mchawi akamlaza usingizi wa karne 13. Zawadi zote za mgeni zimeishia kwenye bunduki. Na ni Twain huyuhuyu ambaye mwaka 1905 alichapisha kijitabu cha kumshambulia Mfalme Leopold wa Pili kwa unyama wa Kongo. Mtu mmoja amebeba dharau na hasira ya haki kwa pamoja. Kwa hiyo ukisema "wakati wao wote waliwaza hivyo", hata Twain mwenyewe hakuwaza hivyo siku zote.

Miaka 50 baadaye, mwaka 1939, L. Sprague de Camp aliandika Lest Darkness Fall. Mtaalamu wa mambo ya kale anapigwa na radi Roma, anajikuta mwaka 535. Huyu ana adabu kidogo. Anaanza na kumfundisha benki mmoja tarakimu za Kiarabu na namna ya kuandika hesabu za biashara, ili apate mkopo wa kupika pombe kali, yaani gongo ya Kizungu. Baruti anajaribu, inamshinda. Nampenda kwa hilo, maana angalau anajua kwamba mgeni asipouza kitu wenyeji wanachokitaka, analala njaa.

MWALIMU ALIYEDISKO

H. G. Wells tungekaa naye kimbwetani bila shida. Alizaliwa mwaka 1866, na mama yake aliwahi kuwa mtumishi kwenye nyumba ya matajiri. Ujanani alifungishwa kazi kwenye duka la vitambaa. Akapata ufadhili wa kusoma sayansi London, ambako T. H. Huxley alimfundisha. Mwaka 1887 akafeli jiolojia kwenye mtihani wa mwisho, akaondoka bila shahada, akaenda kufundisha. Jamani, alidisko akawa mwalimu! Shahada aliipata mwaka 1890. Mwaka 1888, akiwa na miaka 21, alichapisha hadithi yake ya kwanza ya chombo cha kusafiria wakati kwenye jarida la wanafunzi alilosaidia kulianzisha. Akaipika upya mara kadhaa, na mwaka 1895 ikatoka The Time Machine. Mhispania Enrique Gaspar alishaandika kuhusu chombo cha namna hiyo mwaka 1887, ila kilichoenea dunia nzima ni cha Wells.

Mantiki yake ni safi kuliko ya Twain kwa sababu msafiri wake anakwenda mbele. Ukirudi nyuma unagongana na swali la babu: ukimuua babu yako kabla hajamzaa baba yako, wewe uliyemuua umetoka wapi? Ukienda mbele hakuna babu wa kuua.

Msafiri wake, ambaye hata jina hapewi, anafika mwaka 802,701. Anakuta watu wadogo, laini, wazuri, waitwao Eloi, kazi yao kucheza na kula matunda. Chini ya ardhi wapo Morlock, weupe kama viumbe wa pangoni, wanaoendesha mitambo, na usiku hupanda juu kuwakamata Eloi wawale. Maelezo ya msafiri ni kwamba matajiri wa Uingereza wamegeuka Eloi, na wafanyakazi waliosukumwa chini wamegeuka Morlock. Wells alijua anachosema. Uppark, nyumba alikofanya kazi mama yake, ina njia za chini ya ardhi ambazo watumishi walizipita.

Lakini tazama msafiri anavyotenda. Huruma yake yote iko kwa Eloi. Morlock anawatwanga kwa chuma na anakiri kuwa na hamu ya kuwaua. Halafu kuna jambo dogo ambalo unaweza kulipita bila kuliona. Morlock walimwibia mashine yake, na alipoipata alikuta wameisafisha na kuitia mafuta. Yaani kwenye dunia nzima ya mwaka ule wao ndio mafundi, wao pekee ndio wangeweza kuzungumza naye kuhusu chombo chake. Hakujaribu hata siku moja. Mtoto wa mtumishi ameandika hadithi ya watumishi, na bado akampa kinywa bwana.

Kuna mahali pengine panapotuhusu moja kwa moja. Msafiri anaeleza kwa nini hawezi kusimulia vizuri aliyoyaona. Anasema fikirieni mtu mweusi kutoka Afrika ya Kati aletwe London, kisha arudi kusimulia kwa kabila lake: atajua nini kuhusu kampuni za reli, nyaya za simu na mambo ya posta? Kisha anaongeza kwamba pengo kati ya huyo mweusi na Mzungu ni dogo sana ukilinganisha na pengo kati yake na watu wale wa mbele. Kwa mwaka 1895 hilo la pili si neno baya.

Lile la kwanza, hata hivyo, lina jibu, tena kwa Kiswahili. Wakati Wells anaandika, Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alikuwa Berlin akiwafundisha Wajerumani Kiswahili, na akaandika habari za safari yake ya Ulaya. Zilichapishwa Berlin mwaka 1894. Mwaka mmoja KABLA ya The Time Machine! Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mzaliwa wa Visiwa vya Komoro, alisafiri Urusi hadi Siberia, na simulizi yake ikatoka mwaka 1901 kwenye kitabu cha Carl Velten kiitwacho Safari za Wasuaheli. Mwafrika aliyekwenda Ulaya na kusimulia hakuhitaji kubuniwa. Alikuwepo, ana jina, na ameandika.

Ndiyo maana hoja ya yule dada wa semina hainitoshi. Akisema tuwapime watu kwa vipimo vya wakati wao, mie nauliza wakati wa nani? Mwaka 1895 Amur naye alikuwa hai. Naye alikuwa na vipimo.

MDUARA USIO NA MLANGO

Mwaka 1941 Robert Heinlein alitoa hadithi fupi iitwayo By His Bootstraps. Hii wanafunzi mtaipenda. Bob Wilson amejifungia chumbani anamalizia tasnifu yake, na tasnifu yenyewe inasema kusafiri katika wakati haiwezekani. Nyuma yake inatokea duara hewani, anatoka mtu. Kidogo anatokea mwingine. Wanagombana mpaka ngumi zinaruka. Baadaye tunagundua wote ni Bob mwenyewe, wa nyakati tofauti. Upande wa pili wa duara, miaka 30,000 mbele, kuna mtawala mtu mzima aitwaye Diktor anayempangia kila kitu. Naye ni Bob.

Hapa mantiki haina hata ufa. Liandikwalo ndilo liwalo: kila anachofanya ili kubadilisha mambo ndicho kinachosababisha mambo yawe vile. Kuna hata daftari la msamiati wa lugha ya watu wa mbele. Bob analitumia kujifunza lugha, linachakaa, analinakili kwenye daftari jipya, kisha anagundua kwamba daftari hilo jipya ndilo lilelile alilopewa mwanzo. Sasa nani aliyekusanya yale maneno? Hakuna. Watu wamelipigia hilo swali kelele miaka mingi.

Lakini wadau, si lugha ya watu? Wenye lugha wako pale pale wanamtumikia chakula! Heinlein amewachora kama kondoo, wapole, watiifu, waliotawaliwa mpaka roho ya ushindani ikaisha. Msichana mmoja anapewa Bob kama mtu anavyopewa zawadi ya saa. Na Bob anafurahi kwamba mwanamume wa karne ya 20 anaweza kuwa bosi huko bila upinzani. Fumbo lote la daftari limewezekana kwa kuwa mwandishi hakuwahi kumfikiria mwenyeji kama mtu wa kuulizwa neno. Kila anayefanya jambo la maana ni mtu mmoja, waliobaki wanasikiliza. Somo nililolipata ni kwamba mantiki kukamilika haimfanyi mtu awe na utu. Unaweza kuunda mduara mzuri sana na ukawafungia watu nje yake.

SAFARI YA KWENDA KUUA

Sasa njooni mwaka 1952, kwenye A Sound of Thunder ya Ray Bradbury. Kuna kampuni inaitwa Time Safari. Neno letu hilo. Kwetu safari ni kwenda Morogoro kumuona shangazi. Kwa Kiingereza liligeuka kuwa kwenda kuua wanyama, na lilipata umaarufu mkubwa baada ya Theodore Roosevelt kushuka Mombasa mwaka 1909, ambapo yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa 512. Bradbury amelichukua neno pamoja na mizigo yake yote. Tajiri analipa dola 10,000, anapewa kiongozi mwenye bunduki, anarudishwa mamilioni ya miaka kumpiga dainosaria. Kampuni inahonga serikali ili iendelee kuwa na kibali. Sisemi kitu hapo, mnajaza wenyewe.

Kanuni ni kwamba usitoke njiani. Mnyama atakayepigwa amechaguliwa kwa kuwa angekufa muda uleule. Tajiri Eckels anaingiwa na woga, anatoka njiani, anakanyaga kipepeo. Wakirudi, tahajia ya Kiingereza imebadilika na uchaguzi ameshinda dikteta badala ya yule mwingine.

Tundu mnaliona? Kama kipepeo mmoja anatikisa zaidi ya miaka milioni 60, mbona ofisi ni ileile, mtu wa mapokezi ni yuleyule, wagombea ni walewale wawili? Wakosoaji wameliona hilo zamani. Mie naliona hivi: mwandishi alihitaji "kule" kuwe kwepesi kama yai na "nyumbani" kuwe kugumu kama jiwe. Kule ni mahali pa kwenda kuharibu. Nyumbani ni mahali pa kurudi kushangaa. Ni jicho lilelile la mwindaji aliyeliona bara zima kama pori lisilo na mwenyewe.

Namtetea Bradbury kwa jambo moja. Kwenye hadithi yake, bili ya tajiri mmoja inalipwa na nchi nzima, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kukata tiketi. Hilo ni kweli la historia kuliko mengi niliyoyasoma kwenye vitabu vya kozi.

DANA HAKUKATA TIKETI

Tumefika kwa aliyenifanya niandike yote haya. Octavia Butler, Mmarekani mweusi, aliyezaliwa mwaka 1947 na kufariki mwaka 2006. Kitabu chake Kindred kilitoka mwaka 1979.

Dana ni mwandishi mweusi anayeishi California na mumewe Kevin, Mzungu. Tarehe 9 Juni 1976, siku anatimiza miaka 26, anashikwa na kizunguzungu na kujikuta ukingoni mwa mto. Mtoto wa Kizungu anazama, anamwokoa. Ni Maryland, mwanzoni mwa karne ya 19, na baba wa mtoto anamiliki watumwa. Hakuna mashine, na Butler hajisumbui kueleza. Kanuni ni mbili tu: mtoto huyo, Rufus, akiwa hatarini, Dana anavutwa kwenda kumwokoa, Dana akiamini anakufa, anarudi kwake.

Kwa nini Rufus? Kwa sababu ni babu yake wa vizazi vya nyuma. Rufus atazaa na Alice, mwanamke mweusi aliyezaliwa huru kisha akaingizwa utumwani, na bila mtoto wao Hagar ukoo wa Dana haupo.

Hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Lile swali la babu ambalo wengine walilichezea kama fumbo la hesabu, Butler amelipindua. Wengine wanauliza itakuwaje ukimuua babu. Yeye anauliza itakuwaje ukilazimika kumlinda babu, na babu ni mbakaji. Rufus anamtuma Dana akazungumze na Alice, aje kwake kwa hiari, la sivyo atachukuliwa kwa kipigo. Dana anaupeleka ujumbe. Anajua kwamba maisha yake mwenyewe yamesimama juu ya usiku ule. Mantiki na maadili ni fundo moja, huwezi kufungua upande mmoja ukauacha mwingine.

Na kuhusu tiketi: Kevin anavutwa naye safari moja. Mume na mke, mwaka mmoja, shamba moja, lakini mmoja ni mgeni wa mwenye nyumba na mwingine inabidi ajifanye mali ya mumewe. Kevin anafikia kuona kwamba ule ungekuwa wakati mzuri wa kuishi, mtu ukaenda magharibi ukaone nchi inajengwa. Si mtu mbaya, anampenda mkewe. Ila mwili wake ulimpa pasi ambayo hakuwahi kujua anayo. Hank, Bob na Eckels wote walikuwa na pasi hiyo, na vitabu vyao havikuwahi kuitaja.

Safari ya mwisho ni tarehe 4 Julai 1976, siku Marekani inatimiza miaka 200 ya uhuru. Dana anarudi nyumbani, mkono wake wa kushoto umenasa ukutani. Anaupoteza. Sisi tunasema yaliyopita si ndwele. Butler anasema wakati mwingine ni ndwele, na inachukua kiungo.

Butler alieleza kwamba wazo lilianzia kwa kijana aliyemfahamu enzi za chuo, aliyewalaumu wazee weusi kwa unyenyekevu wao. Mama yake Butler alikuwa hausigeli. Alijua kwamba unyenyekevu ule ndio uliomlisha. Kila nikisikia mtu humu hosteli anasema "babu zetu walikuwa wajinga, walidanganywa na shanga", namfikiria Dana kule Maryland. Alikwenda na elimu yote ya mwaka 1976, na bado kuna siku aliinamisha kichwa ili aione kesho.

BASI TUVITUPE?

Mie nasema hapana, ila tusiviweke mezani peke yake. Nitakachokipeleka kwenye mazoezi ya kufundisha ni maswali matatu, na hata kidato cha pili wanayaweza:

1. Nani anasafiri, na akifika anapokewaje kwa mwili alionao?
2. Wenyeji wanasema nini? Kama hawasemi kitu, nani kawanyamazisha?
3. Kanuni ya wakati iliyowekwa inamlinda nani, na gharama anailipa nani?

Halafu maswali hayohayo tuyahamishie kwenye vitabu vyetu vya historia. Si mnalikumbuka lile swali la "nani aligundua Mlima Kilimanjaro"? Jibu la kukariri, Johannes Rebmann, 1848. Hiyo nayo ni hadithi ya msafiri wa wakati! Mgeni anafika, mlima unaanza kuwepo. Uliza swali la pili uone. Rebmann aliongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara kutoka pwani, na Wachaga waliokuwa wakiishi kwenye miteremko walikuwa na jina la mlima na la baridi yake. Na aliyekataa kwamba kunaweza kuwa na theluji karibu na ikweta alikuwa msomi wa jiografia London, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika. Ni Haggard na mwezi wake tena: mwenyeji anajua, mtaalamu wa mbali anabisha, na kitabu kinaandikwa kinyume.

Kwa hiyo kaka wa "vitupwe", ukivitupa hatutaona jinsi dharau inavyojificha kwenye msuko uliopangwa vizuri, na itatupita tena kwenye filamu mpya. Na dada wa "tusiwahukumu", hukumu iko palepale, ila tuwaite na mashahidi wa wakati ule waliokuwa wakizungumza bila kusikilizwa.

Mngenipa tiketi moja, mie nisingeenda kwa Arthur wala kwa dainosaria. Ningekwenda Berlin, mwanzoni mwa miaka ya 1890, nikakae dawati la nyuma kwenye darasa la Amur bin Nasur. Nataka kumuona mwalimu Mswahili akiwasahihisha Wajerumani ngeli, akijua baadhi yao kesho watapanda meli kuja kututawala. Alikuwa anawaza nini yule mzee akifuta ubao? Na wewe mdau, ungekwenda wapi, na wenyeji wangekupokeaje?

Naomba kuwasilisha. Semina ni Alhamisi, mniombee. Tupo pamoja.